Uzi: Unasomea ikolojia na uhifadhi wa wanyamapori? Fildi yako ichague kwa kuangalia nani atakufundisha, usiangalie jina la hifadhi

Ngolaga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, ukikaribia, napokea ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wanaosomea wanyamapori, na karibu wote wanaomba kitu kimoja: "Kaka, nisaidie nipate fildi Serengeti." Nikiuliza kwa nini Serengeti, naambiwa ndiko wanyama waliko. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa. Wiki nane za fildi ndizo zilizonifanya nielewe nilichokuwa nasomea, na nusura zinipite bure.

Nilisoma SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Kwa wasiojua, njia hapa nchini ni kadhaa. Shahada zipo pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mweka, pale miteremko ya Kilimanjaro, wanafundisha tangu 1963, ukiingia na cheti unaweza kupanda hadi shahada. Pasiansi kule Mwanza wapo tangu 1966, na askari wengi wa doria wametokea pale. Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, wanafundisha askari wanyamapori wa vijiji. Siji kushindanisha vyuo. Kote huko utakutana na fildi, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Darasani nilikuwa vizuri. Uwezo wa eneo kubeba wanyama, mtiririko wa nishati, namna ya kukadiria idadi kwa kuhesabu sampuli, yote niliyajibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini nilikuwa sijawahi kukaa kimya msituni hata dakika kumi mfululizo.

Niliomba kaskazini, nafasi zikajaa, nikapangiwa Udzungwa. Siku ile nilinuna. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara ya kuzungukia na gari kutazama wanyama. Ni miguu yako. Chini kabisa, upande wa bonde la Kilombero, uko kama mita 250 kutoka usawa wa bahari, na vilele vyake vinapita mita 2,500. Ukisimama Mang'ula asubuhi, nyuma yako kuna mashamba ya mpunga na miwa, mbele yako ukuta wa msitu unaopanda mpaka unaingia kwenye ukungu. Mpaka wa hifadhi na mashamba ni hatua chache tu. Sikujua kwamba hizo hatua chache ndizo zitakuwa somo langu.

Nilikabidhiwa kwa mzee mmoja, msaidizi wa utafiti, mwenyeji wa pale. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, jina lako la chuo la yule nyani ni lipi?" Nikamwambia *Cercocebus sanjei*. Akasema, "Sisi tunamwita ngolaga, na tulimwita hivyo kabla hamjamjua." Ni kweli. Wanasayansi walimtambua mnyama huyo 1979 tu, baada ya kusikia mlio wake karibu na Sanje na kuambiwa na mwenyeji kwamba yule ni ngolaga. Wenyeji hawakuwa wamemficha. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Jambo kama hilo likajirudia kwa kipunji: watafiti waliokuwa mlima Rungwe walisikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamfuatilia hadi wakamwona 2003, kundi jingine la watafiti likampata msitu wa Ndundulu, hukuhuku Udzungwa, na 2005 dunia ikatangaziwa tumbili mpya wa Afrika. Jina la kisayansi lilibeba Rungwe, ila watu wote wanamwita kipunji, kama walivyomwita wenyewe.

Ndiyo maana hapa jamvini najiita Ngolaga.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa tunahesabu nyani, mbega na kima kwenye mkuza. Mkuza ni njia nyembamba iliyonyooka ndani ya msitu, imepimwa na kuwekewa alama kila mita 50. Wetu ulikuwa kilomita nne. Unaanza mapema asubuhi, unatembea mwendo wa kilomita moja kwa saa. Hebu jaribu kutembea polepole hivyo hata barabarani, utaona mwili unavyokataa. Unapiga hatua tano, unasimama, unasikiliza, unaangalia juu kulia, juu kushoto, unapiga tena tano. Ukiona kundi unaandika saa, aina, wangapi uliowaona kwa macho, wako urefu gani mtini, wako na aina nyingine au peke yao, na umbali kutoka kwenye mkuza mpaka katikati ya kundi, uliopimwa kwa mstari unaokata mkuza kwa pembe mraba. Huo umbali ndio unaokuja kukuambia umekosa wangapi. Kadiri wanavyokuwa mbali ndivyo unavyowakosa zaidi, na hesabu ya idadi yote inajengwa hapo.

Mbega mwekundu ndiye niliyemzoea kwanza. Ana nywele nyekundu utosini kama amevaa kofia, na mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Akiruka, tawi linashuka na kupanda mara tatu baada ya yeye kuondoka. Mzee alinifundisha kuhesabu matawi hayo. Kundi linapovuka pengo kati ya miti miwili, wanapita sehemu moja, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo unapata hesabu ya kuaminika. Ukiwahesabu wakiwa wametulia kwenye majani utapata nusu tu.

Wiki mbili za kwanza nilijaza fomu kumi na moja. Mratibu akazisoma, akazirudisha zote, hazifai. Sikuandika saa ya kuanza na ya kumaliza, siku mbili sikuandika kama kulikuwa na mvua, na pale ambapo sikuona mnyama nilikuwa nimeacha wazi badala ya kuandika sifuri. Aliniambia, "Pakiwa wazi sijui kama hukuona au hukuangalia." Nililia usiku ule, sisemi uongo. Ila tangu siku ile hadi leo kila nafasi kwenye fomu yangu ina kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililonibadilisha.

Wiki ya tano tuliitwa kijijini, tembo wamepita shambani usiku. Shamba la mpunga, mzee wa makamo na mkewe. Mpunga ulikuwa umelala chini kama umepitiwa na trekta, na nyayo zimejaa maji. Mimi nikatoa futi kamba nikaanza kupima mzingo wa unyayo wa mbele, maana nilisoma kwamba ukiuzidisha mara mbili unapata takriban urefu wa tembo mpaka begani. Nilikuwa nimefurahi kweli, nimeinama kwenye tope, naandika. Yule baba akasimama juu yangu akasema, polepole tu, "Kijana, naona unapima unyayo. Na shamba langu nani atalipima?"

Sikuwa na jibu. Mzee wangu wa mkuza ndiye aliyeniinua. Tukachukua GPS, tukazunguka shamba lote na wenye shamba, tukaandika sehemu iliyoliwa na iliyokanyagwa, tukapiga picha, tukaandika umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Huo umbali una maana yake, kwa sababu kanuni za 2011 zilipanga malipo kwa kuangalia shamba liko umbali gani kutoka mpakani, na hazikwenda zaidi ya ekari tano. Na sheria haiiti malipo hayo fidia. Mazao yakiliwa ni *kifuta jasho*, mtu akijeruhiwa au akifa ni *kifuta machozi*. Nilikuwa nimesoma miaka miwili na nusu na maneno hayo mawili nilikuwa sijawahi kuyaandika kwenye daftari.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza mambo ambayo sikuyauliza kabla. Kwa mfano kuni. Hadi 2011 akina mama wa vijiji vya mpakani waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, kisha ikazuiwa ili msitu upumzike. Ukiwa msituni unaona faida, miche imeinuka chini ya miti mikubwa. Ukiwa jikoni kwa mama wa Mang'ula unaona upande wa pili, anapikia pumba za mpunga, moshi unajaa nyumba nzima. Vyote viwili ni ikolojia, na mhifadhi anayejua kimoja tu atakosea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta fildi: kabla ya kuuliza kuna wanyama gani, uliza kuna nani. Uliza kama kuna kazi ya kuhesabu au kupima inayoendelea mwaka hadi mwaka, ambayo wewe utaingia kama mkono mmoja kati ya mingi. Uliza utakuwa chini ya nani kila siku. Nilikuwa na rafiki yangu wa karibu, sitaitaja ofisi aliyokwenda, ni kubwa na ina jina. Wiki nane alipeleka barua, akatoa nakala, akapanga mafaili. Alirudi na fulana nzuri na picha getini. Ripoti yake aliiandika kwa kusoma ripoti za wengine, na mpaka leo akikumbuka anaumia, kwa sababu alikuwa na akili kuliko mimi.

Barua za maombi andika mapema, miezi minne kabla, na usiandike "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" ukaishia hapo. Sema unataka kujifunza nini na unaweza nini. Kama unajua kutumia programu ya R (ya takwimu) au QGIS (ya ramani), sema. Zote mbili ni za bure, unaweza kuanza kuzisoma leo kwenye kompyuta ya chuo. Na kama unategemea fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka bodi ya mikopo, jipange kwa kuchelewa. Mimi wiki tatu niliishi kwa wali wa kukopa kwa mama ntilie mmoja pale stendi, Mungu ambariki.

Karibuni tujadili.

---

Mama Wawili

Asante sana mwanangu kwa uzi huu. Mimi ni mzazi, niko Singida. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na hasikii la mtu, anataka wanyamapori. Baba yake anasema akasome ualimu. Mimi simkatazi, ila usiku silali nikifikiria mtoto wa kike porini wiki nane na watu asiowajua. Naomba mniambie ukweli.

---

Kamera ya Mtegoni

Mama Wawili, shikamoo mama. Mimi ni mwanamke, niko kwenye kazi hii mwaka wa saba sasa, ngoja nikujibu mimi.

Hofu yako ni ya haki. Wanyama si tatizo kubwa, hilo nikutoe wasiwasi. Unapewa askari mwenye silaha, unafundishwa upepo unatoka wapi, unafundishwa kutokimbia. Tatizo linaweza kuwa watu. Binti yako kabla hajaenda aulize mambo haya na asione aibu: nitalala wapi, nani mwingine wa kike yupo kambini, mlango unafungwa kwa ndani, na nikipata shida namwambia nani asiyekuwa bosi wangu. Namba ya mratibu wa fildi wa chuo uwe nayo wewe mama, siyo yeye peke yake. Sehemu inayojibu hayo bila kununa ni sehemu nzuri. Mimi kuna mahali niliuliza nikajibiwa kwamba nina maswali mengi. Sikwenda.

Kazi yenyewe mama ni nzuri mno. Mimi nilikuwa kwenye kamera za kunasa picha. Unafunga kamera kwenye shina, usawa wa goti hivi, inaangalia kijia cha wanyama. Unakata majani yote mbele yake, kwa sababu jani moja likitikiswa na upepo linakupa picha elfu tatu za jani. Unatambaa mbele yake kwa magoti kama mnyama uone taa inawaka, kisha unaondoka, unaiacha siku 30. Siku ya kurudi kuchukua kadi ndiyo siku sipati usingizi. Unafungua picha moja moja, nungunungu, paa, nungunungu, halafu ghafla chui anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, saa tisa usiku, na wewe ulipita hapohapo.

Kuna sange mwenye uso wa kijivu kule Udzungwa ambaye alijulikana hivyohivyo. Mwaka 2005 kamera zilimpiga picha Ndundulu, watu wakaangalia wakasema huyu hatumfahamu, na 2008 akapewa jina la kisayansi, *Rhynchocyon udzungwensis*. Ana uzito wa gramu kama 700, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Mnyama mwenye pua ndefu, anakimbia kwenye majani makavu, karne zote hizo yupo.

Mruhusu mama. Na mwambie baba yake ualimu haukimbii.

---

Doria Ndefu

Nawasalimu nyote. Mimi ni mstaafu, nimetembea doria zaidi ya miaka ishirini kusini, kwa hiyo sitazungumzia ya chuo kikuu. Nakubaliana na kijana Ngolaga kwenye kuhesabu, na nataka niongeze.

Sensa ya kuhesabu tembo kutoka angani ya 2009 ilikadiria tembo wa Tanzania kuwa kama 109,000. Ya 2014 ikapata kama 43,000. Sisi tuliokuwa chini tulijua kabla ya 2014, kwa pua. Unakwenda doria, upepo unageuka, unajua leo tutakuta mzoga. Lakini ukimwambia mkubwa kwamba "tembo wanaisha", anakuuliza wangapi, wapi, lini. Kama hukuandika, umesema maneno tu. Wenzetu waliokuwa wanaandika kila mzoga, mbichi au mkavu, meno yapo au yametolewa, wao ndio waliosikilizwa. Wataalamu wanatuambia mizoga ikizidi asilimia 8 ya tembo wote walioonekana, wazima na wafu kwa pamoja, basi huenda wanakufa wengi kuliko wanaozaliwa. Hiyo ni hesabu ambayo hata askari wa kidato cha nne anaifanya kwenye daftari.

Vijana wa shahada mkija fildi, ombeni kwenda doria walau moja ya siku tano. Mbebe maji yenu wenyewe. Askari atakufundisha vitu ambavyo hajui kama anajua, ila mpaka mle naye ugali jioni. Ukijitenga kwenye hema lako na simu, utarudi ulivyokuja.

---

Mpenda Takwimu

Mkuu Ngolaga, nakuheshimu ila kwenye jina la hifadhi sikubaliani na wewe. Soko la ajira linaangalia CV. Mtu akisoma Serengeti au Ngorongoro anaelewa mara moja. Akisoma hifadhi ambayo hajaisikia anapita. Na usisahau Serengeti siyo picha za watalii tu, kuna utafiti wa simba unaoendelea tangu 1966. Kwa nini umkatishe mtu tamaa?

---

Ngolaga

Mpenda Takwimu, hoja yako nzuri na nimeisoma mara mbili. Simkatishi mtu tamaa ya Serengeti. Akipata nafasi ya kukaa na hao wanaofuatilia simba kizazi kwa kizazi, aende mbio, hiyo ni fildi ya dhahabu, na inatimiza kabisa nilichosema: kuna kazi inayoendelea na kuna mtu wa kukufundisha. Ninachopinga ni kwenda getini.

Kuhusu CV, nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa sasa, tukichagua wasaidizi wa utafiti. Swali letu la kwanza huwa: tueleze siku yako moja ya fildi, kuanzia ulipoamka. Aliyefanya kazi anaanza kusema na hamalizi. Mwingine anakueleza historia ya hifadhi.

Na tuseme wazi kuhusu ajira, maana Mama Wawili anasoma. Nafasi TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori), Ngorongoro na TFS (wakala wa misitu) ni chache kuliko wahitimu. Huko kwingi sasa ni mfumo wa jeshi usu, kwa hiyo kuna mafunzo ya kijeshi, binti ajue hilo mapema. Nje ya hapo kuna miradi ya utafiti, jumuiya za hifadhi za wanyamapori za vijiji, uongozaji watalii, mashirika. Wengi wetu tulianza kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sitakudanganya mama, miaka miwili ya kwanza ni migumu.

---

Mlilana wa Kwale

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko upande wa pili wa mpaka, pwani ya Kenya. Huku sisi twaiita atachimenti. Nimeona mwasema wanyama wakubwa tu, nikaona niseme kidogo kuhusu mikoko.

Yangu niliifanya Gazi, kaunti ya Kwale. Pale kuna mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja, walianza 2013, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni (hewa ya ukaa) inayohifadhiwa na miti ile. Pesa zaenda kwa maji na shule za kijiji. Kazi yangu ilikuwa kupima miti. Kwa kawaida mti hupimwa unene wake kifuani, mita 1.3 kutoka chini. Lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ukipima pale utapima mizizi. Wapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, ndipo wazungusha tepu. Ukikosea hapo, kaboni yote ya kijiji yaharibika hesabu.

Nilikuja na majina ya Kilatini, *Rhizophora*, *Avicennia*, *Sonneratia*, *Ceriops*. Mama mmoja wa kikundi akaniambia, hapa utasema mkoko, mchu, mlilana na mkandaa, la sivyo hatutaelewana. Na jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa mti, lilikuwa maji. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, ni lini; maji mafu, yakisogea kidogo tu, ni lini. Nilipanga ratiba yangu kwa kalenda ya ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi. Bahari haina Jumatatu. Siku ya pili maji yalitufunika kiunoni na fomu zikalowa. Tangu hapo ratiba niliiandika kwa mwezi wa angani.

Kwa hiyo mwenye kupenda ikolojia na akaishi pwani, asidhani lazima asafiri bara. Uwanja uko mlangoni kwake.

---

Ngolaga

Mlilana, asante sana dada/kaka, hiyo ya sentimita 30 nilikuwa siijui, nimeiandika.

Umenikumbusha Magombera, msitu mdogo bondeni Kilombero kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Mtafiti alikuwa kwenye kazi kama ile yangu, kuhesabu nyani, akamkuta nyoka anakula kinyonga. Nyoka akakimbia akamwacha kinyonga. Kutazama vizuri, kinyonga hajulikani. Alipewa jina la msitu wenyewe 2009. Miaka kumi baadaye, 2019, Magombera ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Mtu yule alikuwa msituni kwa ajili ya kitu kingine kabisa, ila alikuwa anatazama.

---

Form Six 2

Kaka shikamoo. Mimi naingia mwaka wa kwanza Oktoba. Swali langu, fildi ikiisha zile data unaondoka nazo au unaziacha? Na daftari unaandikaje?

---

Ngolaga

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri.

Daftari: jalada gumu, penseli, siyo kalamu ya wino, kwa sababu ya mvua. Kila jioni kabla ya kula, hata kama umechoka, hamishia kwenye kompyuta au angalau piga picha kurasa za siku ile. Upande wa kulia andika vipimo, upande wa kushoto andika uliyosikia kwa watu. Mimi upande wangu wa kushoto ndio ninaoufungua mara nyingi hadi leo.

Data: nakala unabaki nayo kwa ajili ya ripoti, kwa ruhusa ya waliokupokea, na yote unaiacha pale. Ni mali ya kazi inayoendelea. Mkuza wangu ulishatembelewa na wengine kabla yangu na utatembelewa baada yangu, namba zangu bila zao hazisemi kitu.

Na kuna nakala nyingine ambayo hutaambiwa chuoni. Yule baba wa shamba la mpunga, siku naondoka nilimwandikia kwa mkono kwenye karatasi vile vipimo vyote, ekari, tarehe, umbali kutoka mpakani, nikaweka sahihi yangu, akaweka kidole. Mwaka uliofuata nilipita Mang'ula nikaenda kumsalimia. Nilikuta pembeni ya shamba wamezungusha kamba ya katani yenye vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili ya kusaga, harufu unaisikia toka njiani. Aliniambia tembo walikuja mara mbili tu msimu ule na wakarudi walipofika kwenye kamba. Kifuta jasho alikuwa bado anafuatilia. Mkewe akaingia ndani akarudi na kopo la maziwa ya unga, ndani kuna kadi za kliniki za watoto, na chini ya kadi ile karatasi yangu imekunjwa mara nne. Akanipa, akasema, "Hapa tarehe imefifia kidogo mwanangu, hebu ipitie tena na penseli."